Grisi ya silikoni kwenye bomba la maji ya kunywa: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mi ni fundi bomba hapa Mwanza, kazi zangu nyingi ziko Nyakato, Igoma mpaka Kisesa huko, na siku nikiitwa vilimani Isamilo napanda na begi la spana mgongoni nafika juu sina pumzi hata ya kusema hodi. Tangu watu waanze kufunga filta za maji jikoni kuna swali halinipiti wiki: "Fundi, hayo mafuta unayopaka humo ndani si ndo tunakuja kuyanywa?" Nilikuwa najibu mmoja mmoja WhatsApp, sasa nimechoka, nimeyakusanya yote hapa. Mpangilio usiutafute, nimeyaandika yanavyoniijia.

Hii grisi ya silikoni ni kitu gani?

Ni yale mafuta mazito meupe-meupe yanayopitisha mwanga kidogo, ukiyaangalia haraka unaweza ukadhani mafuta ya mgando ila ukiyagusa yanateleza kivingine kabisa na hayana harufu. Ndani yake kuna vitu viwili tu vikubwa. Cha kwanza ni mafuta ya silikoni yenyewe, jina lake la kitaalamu ni polidimethilisiloksani, na cha pili ni silika laini sana, laini kuliko poda ya mtoto, inayofanya mafuta yasimwagike yakae kama grisi. Silika ni kitu kilekile kinachotengeneza mchanga wetu wa ziwani, ila hii imetengenezwa kiwandani.

Tunapaka kwenye oringi ya kopo la filta, yani ile pete ya mpira inayozuia kuvuja, kwenye oringi za mikisa za jikoni, zile koki zinazochanganya maji ya moto na baridi, kwenye shina la koki, kwenye pampu ndogo za presha. Kazi yake ni mpira uteleze ukae mahali pake bila kujikunja wala kukatika, na siku ya kufungua ufunguke bila kuleta vita.

Na kama una mikisa ya kisasa ile ya mkono mmoja basi ujue grisi hii unayo tayari, imekuja nayo toka kiwandani, ile katriji ya ndani yenye sahani mbili za kauri hupakwa grisi ya namna hii ndo maana mkono wake ni mlaini vile. Kwahiyo anayeniambia "mi nyumbani kwangu sitaki silikoni" namwambia mama, umechelewa.

Ni sumu au sio sumu? Jibu moja fundi.

Ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa sio sumu. Sasa nieleze kwanini maana "sio sumu" kila muuza duka anasema.

Kwanza haiyeyuki kwenye maji. Sukari ukiitia kwenye glasi inaisha, hii unaitia inakaa hivyohivyo mwaka mzima inakuangalia. Pili haina hulka ya kuungana na vitu vingine, maji ya moto hayaibadilishi, klorini ya kwenye maji ya bomba haiigusi kirahisi. Tatu molekuli zake ni ndefu na kubwa, zikiingia tumboni utumbo hauzinyonyi, zinapita zinatoka njia ya kawaida.

Na hii ya nne ndo huwashangaza watu. Haya mafuta ya silikoni mnakula tayari. Yanatumika kwenye chakula kuzuia povu, namba yake kwenye pakiti ni E900, yanaruhusiwa kwenye mafuta ya kukaangia kwa kiwango kisichozidi miligramu 10 kwa kilo. Kamati ya pamoja ya FAO na WHO inayopima viungio vya chakula iliweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, yani mtu wa kilo 60 ni miligramu 90 kila siku maisha yake yote. Sasa oringi ya filta mi naipaka grisi ambayo haifiki hata gramu moja, inakaa pale miezi sita, na sehemu kubwa imebanwa kati ya mpira na ukuta wa kopo wala haionani na maji. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna ile dawa ya gesi ya watoto wachanga, ya matone, inaitwa simethikoni. Mnajua ni nini? Ni polidimethilisiloksani na silika. Vitu vilevile viwili. Simaanishi mtoto apewe grisi ya fundi jamani, dawa ni dawa imetengenezwa kwa usafi wake na kipimo chake, nasema tu kwamba hivi vitu sio vigeni kwenye tumbo la binadamu.

Kama ndo hivyo mbona unasisitiza cheti?

Kwa sababu jina "grisi ya silikoni" ni kama jina "samaki". Kirumba mwaloni pale ukisema nataka samaki unaulizwa samaki gani, sato, sangara, furu, dagaa? Kuna grisi ya silikoni ya maji ya kunywa, ya waya za plagi za gari, ya breki, ya milango ya aluminiamu, na zote zinafanana machoni. Msingi wake unaweza kuwa uleule lakini anayetengeneza ya gari hana sababu ya kujizuia kuweka dawa ya kutu, rangi, au kitu kingine kinachomfaa yeye, maana hajategemea kwamba kuna mtu atakunywa.

Cheti ninachotafuta mimi kinaandikwa NSF/ANSI 61. NSF ni taasisi ya Marekani ilianza 1944, na hiki kiwango cha 61 kilitoka 1988, kinahusu kila kitu kinachogusa maji ya kunywa: mabomba, koki, gundi, rangi za matanki, mpira, grisi. Wanachofanya ni kuloweka kile kitu kwenye maji, kisha wanayapima yale maji kujua nini kimetoka na ni kiasi gani. Ukiona alama hiyo imeandikwa na namba 61, hapo sawa. Uingereza wana ya kwao inaitwa WRAS, nao wanapima mpaka ladha, harufu, na kama bakteria wanaota juu yake. Ikiwa na mojawapo mi naridhika.

Ile niliyoizoea ni Molykote 111, zamani tyubu zake ziliandikwa Dow Corning 111, ina hiyo 61. Silipwi na mtu, nyingine yoyote yenye alama hiyo ni sawa.

Cha kuwa nacho makini ni tyubu iliyoandikwa H1. H1 inamaanisha grisi ya mashine za kiwanda cha chakula, ambayo ikigusa chakula kwa bahati mbaya kidogo hakuna shida. Ni nzuri, mi mwenyewe nimeitumia kwa mteja mmoja Pasiansi siku ile nyingine ilipoisha na sikukosa usingizi, lakini kugusa chakula kwa bahati mbaya na kukaa ndani ya maji mwaka mzima ni vitu viwili, kwahiyo kama zote zipo mezani chukua ya 61. Na neno "food grade" peke yake bila jina la taasisi wala namba, hilo hata mi naweza kulichapisha pale stendi nikabandika kwenye kopo la mafuta ya nywele.

Nina grisi ya beringi ya bodaboda hapa ndani, si ni grisi tu?

Hapana. Hapana hapana.

Ile inatokana na petroli, imeshikanishwa na sabuni za lithiamu na madawa ya kuzuia kutu na kusagika, haikukusudiwa kinywa cha mtu. Ndo ambayo kama inanuka maji yananuka, kama ina ladha maji yana ladha. Nimewahi kufungua filta nyumba moja Buhongwa nikakuta oringi imepakwa grisi nyeusi, yani nyeusi ti, na mwenye nyumba anasema tangu fundi aliyepita aondoke chai yao ina ladha ya gereji. Kopo lote nililitupa maana plastiki ilishanywa ile harufu, tukasuuza na sabuni mara nne haikutoka.

Na mafuta ya mgando?

Hapa naomba nijiseme mwenyewe.

Miaka hiyo naanza kazi nilikuwa natembea na kikopo cha mafuta ya mgando mfukoni, kinanisaidia mikono na kinanisaidia oringi, nilijiona mjanja. Nikafunga filta Kisesa kwa mzee mmoja mstaafu, nikaipaka oringi vizuri inang'aa, nikafunga, haivuji hata tone, nikalipwa nikaondoka. Baada ya kama wiki tano sita mzee anapiga simu, kwa upole kabisa, "mwanangu njoo uone kitu." Nafika jikoni maji yako sakafuni, nafungua lile kopo oringi imevimba imekuwa ndefu kuliko mfereji wake, imetoka nje imejipinda kama mnyoo. Sikujua kwanini. Nikaweka mpya nikaipaka mafuta ya mgando tena! Mnaona ujinga? Ikarudia. Safari ya tatu nikaja na grisi ya silikoni niliyoazima kwa fundi mwenzangu na mpaka leo nikipita kule mzee ananiita ndani naonyeshwa sinki.

Maelezo yake niliyapata baadae. Mafuta ya mgando ni ya ukoo wa petroli. Mipira mingi ya mabomba ya maji ni ya aina inaitwa EPDM, wanaipenda kwa sababu inavumilia klorini, lakini haivumilii petroli kabisa, inayanywa mafuta inavimba inalainika. Mpira wa asili wa utomvu ni vilevile. Kuna mpira mwingine unaitwa nitrile wenyewe petroli hauusumbui. Tatizo oringi zote ni nyeusi, ukiishika mkononi hujui ni ipi, sasa ya nini kucheza bahati nasibu wakati silikoni inaenda na zote mbili?

Kwahiyo mafuta ya mgando kosa lake sio kwamba yataua mtu, yale ya dukani ya kupaka mwilini ni masafi kiasi chake, kosa lake ni kuharibu mpira, na mpira unaoharibika unapitisha maji nje na vipande vyake vinaingia ndani.

Mafuta ya kula basi? Ni chakula, hayawezi kuwa na shida.

Ndo maana yana shida, kwa sababu ni chakula. Wewe unakula na bakteria anakula. Mafuta ya alizeti kwenye oringi yanachacha, yanakuwa gundi ya njano, na juu yake unaota utando wa utelezi, ule ute unaouona kwenye ndoo isiyosuguliwa. Silikoni hailiwi na wadudu hao. Samli nayo msiniulize, kuna dada aliniuliza.

Nimenunua silikoni ya kupuliza, ya kopo. Vipi hiyo?

Kwenye maji ya kunywa iache. Ndani ya kopo la kupuliza silikoni ni kidogo, kilichobaki ni gesi ya kusukuma na vimiminika vya petroli vya kuyeyushia, vinakauka ndio, lakini kwenye plastiki ya kopo la filta lile la kuonea ndani vinaweza kuleta nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, halafu siku presha imepanda usiku wa manane kopo linapasuka. Itumie kwenye bawaba za mlango na geti.

Fundi wangu kaniwekea silikoni ya bunduki kuziba filta inayovuja. Ni kitu kimoja?

Sio kitu kimoja. Hii ya bunduki ni gundi, inakauka inakuwa mpira. Ile inayonuka siki ikiwa mbichi inatoa asidi ya siki inapokauka, nyingine zinatoa vitu vingine, na zile za bafuni mara nyingi zimewekwa dawa ya kuua ukungu, dawa ambayo hutaki kuinywa. Kwenye sinki kwa nje, ukutani, sawa. Ndani ya njia ya maji ya kunywa hapana, labda iwe na ile alama ya 61 na iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa.

Na aliyeziba oringi kwa gundi amekufungia filta milele, siku ya kubadilisha katriji, kile kichujio cha ndani, utaivunja.

Inapakwa kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyofikiri, na hapa ndo mafundi wengi tunakosea. Chukua kiasi cha punje ya mahindi, au nusu yake kwa oringi ndogo, kisha ipitishe oringi kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka yote ing'ae. Ukiona mabonge meupe umezidisha, futa. Mabonge hayaongezi kuziba. Yanachofanya ni kukamata mchanga, na sisi hapa Mwanza maji yakikatika yakirudi tunajua yanavyokuja, dakika za kwanza ni ya udongo, kuna kutu, kuna vijichanga, sasa vile vijichanga vikikaa kwenye bonge la grisi vinakuwa msasa, kila ukifungua na kufunga vinasugua mpira. Ndo maana nawaambia watu maji yakirudi fungulieni bomba la nje kwanza yatoke uchafu ndo mfungulie la filta.

Kabla ya kupaka futa oringi na mfereji wake kwa kitambaa safi, angalia kama ina ufa. Grisi haifufui mpira uliokufa! Kama imekuwa ngumu, imebapa upande mmoja, ukiivuta ina vipasuko, nunua nyingine.

Usipake kwenye katriji yenyewe ile sehemu ya kuchujia, wala kwenye utando wa zile mashine za kuchuja kwa presha kubwa, pale grisi inaziba vitundu na hakuna namna ya kuisafisha.

Kuna mipira myekundu au myeupe laini, nayo hivyohivyo?

Afadhali umeuliza. Kama mpira wenyewe ni wa silikoni, mara nyingi huwa mwekundu, mweupe au unaopitisha mwanga na ni laini sana, upo kwenye baadhi ya dispensa na chupa, huo grisi ya silikoni usiupake. Vinafanana asili kwahiyo mpira unainywa grisi na kuvimba, yaleyale ya mafuta ya mgando na EPDM. Huo ulowanishe na maji safi tu uingize.

Kwenye kuunganisha PPR na PVC inatumika wapi?

Hizi ni aina mbili za bomba za plastiki, PPR inaunganishwa kwa moto, PVC kwa gundi, kote huko grisi ya silikoni ni adui. Yani mikono yenye silikoni usishike kichwa cha bomba unachotaka kuchoma au kupaka gundi, haitashika, na utajua baada ya kufukia mtaro. Nafanya kazi za grisi mwisho, au nanawa kwanza. Kunawa kwenyewe usianze na maji, anza na kitambaa kikavu au karatasi, ifute, ndo uje na sabuni ya vyombo, ukianza na maji utaisambaza mpaka kwenye kiwiko.

Kwenye nyuzi za chuma au shaba tunazungusha tefloni, ile tepu nyeupe, hapo grisi haihitajiki. Wazee wetu walikuwa wanafunga katani na rangi, na kuna rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, hizo kama nyumba yako ni ya tangu enzi na unafumua mabomba, usiyarudishe.

Mabomba makubwa ya PVC yenye pete za mpira wengi wanapaka sabuni ili yaingie, ni sawa, sabuni inaoshwa inaondoka.

Maji yangu yana harufu ya udongo, ni ile grisi uliyopaka juzi?

Hili nimelaumiwa nalo sana. Grisi ya silikoni haina harufu. Maji yetu yanatoka ziwani, yanavutwa Kapripointi na Butimba yakatibiwa ndo yanakuja kwako, na ziwa letu mnalijua, kuna vipindi linakuwa kijani ufukweni mpaka ukitumbukiza mkono unatoka na rangi. Ule mwani, hasa ile jamii inayoitwa bakteria wa kijani-buluu, unatoa kitu kinaitwa jiosmini, ndo ile harufu ya mvua ya kwanza kugonga udongo. Pua ya binadamu inaisikia ikiwa nanogramu chache tu ndani ya lita, yani kiasi ambacho hata ukisema kidogo umetia chumvi. Filta yenye mkaa inasaidia kuipunguza, na kama mkaa wako umekaa mwaka mzima haujabadilishwa usinilaumu mimi.

Harufu ya klorini ni klorini. Harufu ya mayai viza angalia tanki lako, nani alifungua mara ya mwisho? Harufu ya plastiki kwenye tanki jipya ni ya tanki. Ikiwa ni ya mafuta au gereji, hapo nipigie, hapo kuna mtu amepaka kisichotakiwa.

Naona utando unang'aa rangi za upinde wa mvua juu ya maji kwenye ndoo.

Chukua kijiti uuguse. Utando ukivunjika vipande kama kioo chembamba na vipande vikabaki vimeachana, mara nyingi ni bakteria wa chuma, wapo sana kwenye maji ya visima. Ukiugusa ukajikusanya tena ukaungana, ni mafuta, na hapo cha kuangalia ni pampu, hasa za kisimani ambazo ndani zina mafuta na sili ikifa yanatoka. Grisi ya silikoni ya kwenye oringi yako moja haina wingi wa kutandaza ndoo.

Mtoto kalamba grisi kidoleni / nimemeza kipande kilichotoka kwenye bomba.

Ya maji ya kunywa, kiasi kidogo hivyo, mfute mdomo mpe maji, itapita. Kama amekula tyubu au ni ya gari au ya kupuliza, mpeleke hospitali na kopo lenyewe mkononi ili daktari asome, msimtapishe wenyewe nyumbani.

Nikichemsha maji si inatoka?

Haitoki na haibadiliki, inavumilia mpaka karibu nyuzi 200 na maji yanachemka 100. Chemsha kwa ajili ya vijidudu, hiyo ni sababu tosha, hasa wale mnaochota moja kwa moja ziwani. WaterGuard nayo hivyohivyo, inaua vijidudu, haina habari na grisi.

Nimesoma Ulaya wamepiga marufuku silikoni.

Hawajapiga marufuku silikoni. Walichoanza kubana ni silikoni ndogo za duara zinazoitwa D4 na D5, kwenye vipodozi vya kuoshwa kama shampuu, kuanzia 2020 zisizidi asilimia 0.1, halafu 2024 wakapitisha sheria ya kuongeza D6 na bidhaa nyingine, na sababu kubwa ilikuwa zinaenda kwenye mito zinakaa haziozi. D4 inashukiwa pia kuathiri uzazi. Mafuta ya silikoni yanatengenezwa kutokana na hizo ndogo kwahiyo masalia kidogo sana yanaweza kubaki ndani, na ndo hapohapo cheti kinaingia, kwa sababu kipimo cha 61 kinaangalia kinachotoka na kwenda kwenye maji, sio jina la kitu. Ukiniuliza kama ni hoja ya kweli ntakwambia ni ya kweli, ila hoja hiyo inanifanya nikatae tyubu isiyo na maandishi, hainifanyi nirudi kwenye mafuta ya mgando.

Kama grisi sio tatizo, niogope nini kwenye mabomba yangu?

Koki. Zile za shaba nyepesi za bei ya kutupa, zinang'aa sana dukani, ukiifunga kwa nguvu inakatika. Shaba ya namna hiyo inaweza kuwa imechanganywa na risasi ili ichongeke kirahisi, na risasi ni sumu hasa, kwa watoto inaharibu akili na haina kiwango kinachosemwa ni salama. Marekani tangu 2014 vifaa vya maji ya kunywa haviruhusiwi kuzidi wastani wa asilimia 0.25 ya risasi kwenye sehemu zinazogusa maji. Kama hujui koki yako imetoka wapi, asubuhi maji yaliyolala ndani ya koki yaache yatoke kwanza, kinga kwenye ndoo ya kudekia, ndo ukinge ya kunywa. Na maji ya kupikia uji wa mtoto yachukue kwenye bomba la baridi, ya moto yanavuta risasi zaidi.

Inanishangaza mtu ananisimamia nusu saa kuhusu punje ya grisi halafu koki ameenda kuchukua ya bei ya vocha.

Grisi yenyewe naipata wapi hapa mjini?

Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi ukisema grisi ya silikoni unaletewa ile ya bunduki, kwahiyo usiseme jina tu, sema "ya kupaka oringi ya filta ya maji". Wauza filta na wauza pampu ndo huwa nayo zaidi kuliko hadiwea za kawaida. Filta nyingine zinakuja na kijitube au kipakiti kidogo ndani ya boksi, watu wanakitupa wakidhani ni ile ya kunyonya unyevu, angalia kwanza. Soma tyubu kabla ya kulipa, na ukiwa na bando ingia kwenye tovuti ya NSF uandike jina la bidhaa, orodha yao iko wazi bure, kama haimo basi alama ya NSF iliyochapishwa pale ni mapambo.

Usinunue iliyopimwa kwenye mfuko wa nailoni. Najua inauzwa hivyo.

Nipake tena baada ya muda gani?

Kila ukifungua kopo kubadilisha katriji, basi. Futa ya zamani, angalia mpira, paka mpya kidogo. Kwenye koki huna haja ya kufungua kwa ajili ya grisi kama haijaanza kuwa ngumu au kulia.

Tyubu ikishafunguliwa inaharibika?

Haichachi. Shida ni uchafu, kwahiyo usichovye kidole cha kazini ndani ya kopo, kamulia kwenye kitambaa safi, funga kifuniko, weka mbali na grisi ya gari. Yangu ya sasa ni ya mwaka juzi na iko nusu.